Shuka Langu Juu ya Meza ya Meneja

Siku ya kwanza kuingia ofisi ya meneja wa kiwanda cha chai sikupiga hodi. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia na shuka langu mkononi, nikalitandaza juu ya meza yake, juu ya karatasi zake na simu yake. Kikombe chake cha chai kikabaki kimetuna chini ya shuka kama kichuguu.

Nikamwambia, "Baba, hili nimelifua leo. Nimelianika saa tatu. Sasa ni saa sita. Hebu lisome."

Masizi yalikuwa yamelala juu yake kama ulezi uliomwagika. Ukiyagusa kwa kidole hayadondoki, yanavutika, yanaacha mstari mweusi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, na elimu hiyo inanitosha kuandika haya. Meneja kasoma mpaka nywele zimemtoka kichwani, lakini siku ile hakuwa na kitu kingine cha kusoma. Alinyanyua ncha ya shuka, akatoa kikombe chake, akasema, "Bibi, tatizo tunalijua. Kuna mtambo mpya unakuja."

"Unakuja kwa miguu?" nikamuuliza. "Maana hata mwaka juzi ulikuwa unakuja."

Nikalikunja shuka langu nikatoka. Wale akina dada wa ofisini wakaziba midomo kwa viganja. Nilijua jioni habari itakuwa imefika kijijini kwetu Lupepo, na kweli ilifika. Sikatai kwamba nilifurahi.

Lakini shuka si kitu. Shuka linafuliwa. Kilichonipeleka kule ni kifua cha mjukuu wangu.

Ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, yule nesi. Serikali ilimpanga Dodoma, na mtoto akaja kwangu akiwa hajamaliza kuota meno. Sasa ana miaka minane. Anasoma kuliko watoto wote wa darasa lake, na hilo silisemi kwa sababu ni wangu, mwalimu wake ndiye kasema, nami nimelirudia kwa kila mtu anayepita njia hii. Ila ana pumu. Ikimbana, anakaa kitandani ameshika ukingo, mabega yanapanda mpaka masikioni, na pumzi inapita kwa sauti kama mzee anayenyonya pombe ya kimpumu kwa mrija ulioziba. Ukimwona hivyo unatamani umpe mapafu yako, ingawa ni makuukuu.

Sasa nieleze kiwanda, kwa wasiokijua. Majani ya chai hayakaushwi juani, huku jua lenyewe tunaliona kama mgeni. Kuna boila, pipa la chuma kubwa kuliko nyumba yangu, limejaa maji. Chini yake wanachoma kuni, maji yanakuwa mvuke, na joto la mvuke ndilo linalokausha chai. Wakati wa mvua chai inachipua kwa fujo, na moto hauzimwi. Kiwanda kiko bondeni, sisi tuko juu, mgongoni mwa kilima. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, unalifunika bonde kama mfuniko wa sufuria, na moshi wa lile bomba unakosa pa kwenda. Unapanda kwenye migomba yetu na kukaa humo. Unaingia ndani, unalala kwenye blanketi, unaonja mboga kabla yako.

Binti yangu alinipigia simu mwaka ule, mtoto alipotoka kulazwa mara ya pili. Hakusalimia vizuri.

"Mama, akilazwa tena mara moja tu, nakuja kumchukua. Na sitaki maneno."

"Dodoma kuna nini? Si vumbi tupu?"

"Vumbi linamwagiwa maji, mama. Moshi utaumwagia nini? Na jiko lako nalo linatoa moshi."

"Jiko langu?" Nilipandisha sauti mpaka kuku wakaruka. "Jiko langu limekulea wewe na kaka zako, na hakuna aliyekohoa. Mimi sipiki kwa kuni mbichi. Uliza kijiji kizima."

"Sijasema mbichi. Nimesema moshi."

Akakata. Ndipo nilipolifua lile shuka na kulianika makusudi upande wa kiwanda.

Mtambo ulikuja kweli. Ulikuja kwa lori refu lililoshindwa kona ya kwanza, likarudi nyuma, watu wakakata migomba miwili ya jirani yangu ili lipite. Ulikuja pamoja na fundi wake, mtu wa makamo kutoka Tanga, mpole, anayeongea Kiswahili cha kuteleza kama kimepakwa mafuta. Walipomaliza kuufunga waliita mkutano kwenye uwanja wa kupimia majani ya chai. Mimi nikapewa kiti cha plastiki mbele, karibu na meneja, maana wakati huo nilikuwa naitwa Mama wa Shuka.

Fundi alisimama akaeleza kwa maneno ya kueleweka. "Moshi mweusi mnaouona," akasema, "ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Zimepotea njiani. Kichomeo cha zamani kilipuliza upepo chini tu. Hiki kinapuliza chini, halafu kinapuliza tena juu, ule moshi unaungua wenyewe kabla haujafika kwenye bomba."

Nilimwelewa vizuri. Hata mimi nikipuliza jikoni, moshi ukishika moto unapotea. Nikaombwa niseme neno. Nikasema mimi sina cheo, nina shuka, na wenye mashuka wenzangu wasiogope ofisi, meza ni mbao tu. Wakapiga makofi. Ndaga fijo, wakasema wazee, asante sana. Nilirudi nyumbani sikanyagi chini.

Na majuma yale ya kwanza, jamani! Ulitazama bomba ukaona hewa inatetemeka tu juu yake, kama juu ya kikaango. Nilianika nguo zote za ndani ya nyumba, hata zisizohitaji kufuliwa. Mtoto alilala fofofo kama gogo, mdomo wazi, pumzi haisikiki. Kila aliyepita nilimwonyesha kwa kidole. "Unaliona bomba lile? Unaona linatoa nini? Halitoi kitu. Ni mimi."

Jirani yangu, yule aliyekatiwa migomba, alichoka. Tuliolewa kijiji hiki mwaka uleule, tunaitana nkamu, ndugu, na ulimi wake haujawahi kunionea huruma. "Nkamu," akaniambia, "hata mvua ikinyesha utasema ni wewe."

"Ikinyesha vizuri, nitasema."

Wakati huohuo ikafika zamu yangu ya lori. Kiwanda hakina msitu wa kutosha, kuni kinachukua kwetu. Kila mwenye shamba la mikaratusi, sisi tunaiita milingoti, ana zamu yake. Ukiambiwa lori litapita Alhamisi, Jumatano unaangusha miti, unakata magogo, unayapanga kando ya barabara, unapaka alama yako kwenye vichwa vyake ili yasichanganyike na ya wenzako. Wengi wanaweka nukta. Mimi alama yangu ni duara la buluu, rangi iliyobaki nilipopaka mlango wangu, na ninalipaka kubwa, lionekane kutoka mbali.

Safari ile nilitaka kuwashukuru. Nikasema mtambo mpya unastahili kuni mpya. Nikaangusha milingoti niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya nyumba, minene, iliyonyooka, iliyojaa maji mpaka shoka likigonga linarusha matone usoni. Magogo mawili yalihitaji wanaume wanne. Mpakiaji wa lori akasema, "Bibi, hizi ndizo kuni!" Nami nikajiona.

Mvua zikaanza. Juma la pili bomba likatoa moshi. Haukuwa ule mweusi wa zamani, ulikuwa wa manjano, mzito, unaonuka kama kidonda cha mti, na uliburuta tumbo chini kama ng'ombe mgonjwa. Asubuhi moja mtoto akaamka mabega yako masikioni. Nilimfunga mgongoni, mkubwa vile, tukapanda bodaboda mpaka hospitali ya Tukuyu, wakamwekea ile dawa ya kuvuta kwa barakoa. Mchana tukarudi. Binti yangu sikumwambia. Nilijiambia kwamba huko hakukuwa kulazwa.

Nikachukua shuka. Safari hii hata kulifua sikulifua.

Meneja hakuwepo, nikamkuta fundi uani. "Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba sina leo. Mtambo wako umekufa au mmeuzima? Mlitudanganya na viti vya plastiki?"

Hakubishana. Akasema, "Njoo nikuonyeshe." Tukapita nyuma ya boila mpaka kwenye lundo la kuni. Alikuwa na kidude cha kushika mkononi, chenye meno mawili ya sindano na dirisha dogo la namba. Akakichoma kwenye gogo moja, namba zikapanda. "Hii ni maji, bibi. Mtambo hauna shida. Siku za kwanza tulichoma kuni nilizozikausha mwenyewe chini ya bati. Sasa naletewa maji. Moto unatumia nguvu zake zote kuyachemsha, unapoa, na moshi hauungui. Hata ningeleta kichomeo cha dhahabu ingekuwa hivihivi."

Akaligeuza gogo kwa mguu ili anionyeshe upande wa pili. Duara la buluu likanitazama usoni.

Likafuata jingine, na jingine. Lundo zima la mbele lilikuwa na macho ya buluu, makubwa, ya kuonekana kutoka mbali.

"Wengine wana afadhali," fundi akaendelea, hajui lolote. "Lakini huyu mwenye buluu anatumaliza. Sijui ni nani, mimi mgeni. Bibi unamjua?"

Mimi, niliyemtandazia meneja shuka mezani, nilisema, "Nitauliza." Nikalikunja shuka langu, nikalikunja tena, nikalikunja mpaka likawa dogo kama leso, nikapanda mlima.

Nyumbani niliketi jikoni nikatazama juu. Juu ya mafiga yangu kuna uchaga, kama kila jiko la kwetu, na juu ya uchaga kuna kuni. Zinakaa pale zikila joto la chini mpaka zinakuwa nyepesi, ukizigonganisha zinalia kama kengele. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusuka nywele. Nilipoolewa, mama mkwe hakunitazama uso, alitazama uchaga wangu. Mwanamke anayepika kwa kuni mbichi kwetu ni aibu, wanamcheka kisimani. Nami kwa miaka yote ile nimekausha kuni za kupikia mbalaga, ndizi za nyumba moja tu, halafu moto mkubwa kuliko yote wilayani nimeulisha miti iliyokuwa bado inakunywa mvua. Kwa nini? Kwa sababu sote tulisema moto wa kiwanda ni mkali, unakula chochote, hata mgomba. Hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyeuliza.

Hasira ilinishika pande mbili. Nilijikasirikia mwenyewe, na niliwakasirikia wao pia, na mpaka leo nawakasirikia. Mtu analeta chuma kutoka ng'ambo ya bahari, anaita mkutano, anaeleza upepo wa chini na upepo wa juu, halafu waleta kuni wamekaa mbele yake kwenye viti vya plastiki na hawaambii neno moja kuhusu kuni! Siku tatu baadaye nilishuka nikamwambia fundi hivyohivyo. Nilianza na langu. "Yule mwenye buluu ni mimi."

Aliweka chini alichokuwa ameshika. Kisha akasema tena, polepole, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa niambie, kwa nini mnazipokea? Mtu akileta maji, mrudishie maji yake."

"Nilimwambia meneja. Anasema tukirudisha lori moja, chai ya siku nzima inaoza sakafuni. Msimu ukiwa juu hatuchagui."

"Na wakati msimu uko chini?"

"Msimu ukiwa chini tunasahau."

Alau yeye alisema kweli.

Nikajenga banda. Nilitumia mabati ya zizi la zamani na nguzo za milingoti yangu mwenyewe, pembeni wazi upepo upite. Magogo niliyokata nilipasua vipande vya urefu wa mkono, nikapanga kwa kupishanisha, chini nikaweka mawe. Zamu yangu ilipofika lori likapiga honi, nikamwambia dereva apite. Kuni hazijakauka. Akadhani naumwa.

Jirani alikuja kutazama banda, mikono kiunoni. "Nkamu, unaoa? Mbona unajengea kuni nyumba?"

"Nazikausha. Na wewe kausha. Leta kwangu, nafasi ipo."

"Kwa mvua ya Rungwe? Hata sisi wenyewe hatujakauka tangu tuzaliwe."

"Mjukuu wangu anakata roho kwa moshi wetu."

Alishusha mikono. Yule mtoto anakula kwake kama anavyokula kwangu. Lakini akasema, "Nikizikausha mimi peke yangu, wenzangu wa mgongo huu mzima wakipeleka mbichi, nitakuwa nimefanya nini? Lori likija nisipotoa, zamu anapewa mwingine. Wewe una moyo, mimi nina wajukuu wa kusomesha."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilisimama kanisani baada ya matangazo, nikasema ni mimi niliyeharibu, alama yangu mnaijua, nanyi zenu nimeziona kule uani. Wakacheka. Wanakwaya walicheka kuliko wote, na sare zao nyeupe zimekuwa rangi ya majivu. Mzee mmoja akanifuata nje akaniambia kwa heshima, "Mama, ulituambia mtambo umemaliza moshi. Sasa unatuambia kuni. Mwezi ujao utatuambia nini?" Nikashika njia ya nyumbani. Nilikuwa nimejigamba mno kuhusu lile bomba, na sasa kila nikisema, majigambo yangu yanafika kabla yangu.

Mwezi wa pili chai ikachipua, boila ikala kuni mbichi, na moshi ukakaa siku nne bila kuondoka. Siku ya nne mtoto alilazwa. Safari hii nililala naye, na hakukuwa na jina jingine la kuliita jambo hilo.

Binti yangu alifika na begi tupu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikunja nguo za mtoto moja moja, kila moja akiipeleka puani kwanza, akiinusa, akiikung'uta. Mtoto akauliza, "Bibi, banda likikauka nitarudi?"

"Kuni ndizo zinazokauka," nikamwambia. "Utarudi."

"Mama," binti yangu akasema taratibu, "usimwahidi."

Wakaondoka na basi la asubuhi. Nilirudi nikapasua kuni mpaka mpini wa shoka ukanitoa malengelenge, na mimi mikono yangu si ya kutoka malengelenge.

Mwezi wa sita baridi ikashika, mvua ikapungua. Nilichukua vipande viwili kutoka katikati ya banda nikavigonganisha. Vililia. Nikamwita fundi, akapanda mlima mwenyewe na kidude chake, akachoma huku, akachoma kule, akatabasamu mpaka nikaona meno ya nyuma. Lori likaja, na fundi akaahidi kwamba siku nzima watachoma zangu tu. Sikupaka alama. Mpakiaji akaniuliza ya kwangu iko wapi, nikamwambia atazijua kwa uzito.

Kesho yake nilikaa mlangoni tangu asubuhi nikitazama bomba. Ukungu ulishuka kama kawaida, ukafunika bonde, lakini ulikuwa mweupe, ukungu mtupu. Jua lilipoutoboa, hewa ilikuwa inatetemeka tu juu ya bomba, kama zile siku za kwanza. Nikafua shuka. Nikalianika saa tatu, saa sita nikalipitishia kiganja. Kiganja kilitoka kama kilivyoingia.

Nikampigia binti yangu. "Leo hakuna moshi," nikamwambia. "Hata kidogo. Njoo uone. Shuka jeupe, na ni kuni zangu."

Nilisikia mtoto nyuma yake anasoma kitu kwa sauti, sentensi ndefu, bila kukatika pumzi.

"Nimefurahi, mama," binti yangu akasema. "Kweli nimefurahi. Na kesho?"

Nilitazama barabarani. Magogo ya jirani yangu yalikuwa yamepangwa tayari, yameangushwa jana, vichwa vyake bado vinatoa maji.

"Kesho ni zamu ya jirani," nikasema.

Hakukata simu. Nami nikawa namsikiliza mtoto akisoma, mpaka salio likaisha.